Uzi: Diski yenye picha za harusi haionekani kwenye kompyuta. Nianzie wapi kabla sijanunua nyingine?

Mwanzisha uzi (Ngamiani, Tanga)

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninaendesha studio ndogo ya picha huku Ngamiani, na riziki yangu kubwa inatokana na harusi, maulidi na picha za pasipoti. Kompyuta yangu ya mezani ina diski mbili. Ya kwanza ni SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya GB 240 ambayo ndiyo yenye Windows, na ya pili ni diski ya kawaida ya inchi 3.5 yenye ujazo wa TB 1, niliyoinunua mwaka 2016, ambamo nimekuwa nikihifadhi kazi za wateja tangu hapo.

Jumatano jioni umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya nusu saa, nami nilikuwa na mteja, sikuwahi kuchomoa chochote. Asubuhi kompyuta iliwaka vizuri kabisa, lakini sehemu ya D haikuwepo. Niliizima na kuiwasha tena, kisha nikafungua ubavu na kufuta vumbi kwa brashi; zaidi ya hapo sijagusa kitu. Kijana wa fremu ya jirani anasema diski imekufa, ninunue nyingine. Mwingine ameniambia niifunge kwenye mfuko wa nailoni niilaze kwenye friza usiku mmoja, kwamba amewahi kuona diski ikifufuka hivyo.

Nakala nyingine ya picha hizo sina, na ninalikiri hilo mapema ili nisisemwe mara mbili. Naomba mwongozo.

Fundi (Bagamoyo)

Pole sana, mkuu. Friza uisahau. Diski ikitoka kwenye baridi na kukutana na hewa ya pwani yetu, itatoka jasho kama chupa ya soda iliyowekwa mezani, na diski ya kawaida ya aina yako haijazibwa kabisa, kwa kuwa ina tundu dogo la kupumulia lenye kichujio. Kichwa cha kusomea kilichomo ndani huelea juu ya sahani zinazohifadhi data kwa umbali wa nanomita chache tu, sasa fikiria unyevu unapoingia hapo.

Kabla ya kukujibu nitakuuliza, kwa sababu neno "haionekani" linabeba magonjwa manne tofauti na kila moja lina tiba yake. Kuna diski ambayo haipati umeme, hivyo haizunguki. Kuna inayozunguka lakini BIOS, ile programu ya mwanzo inayoamka kabla ya Windows, haiitambui. Kuna ambayo BIOS inaitambua kwa jina na ujazo wake, ila Windows haijaipa herufi. Na kuna ambayo herufi inayo, lakini ukibofya unaambiwa ifomatiwe kwanza. Watu wengi hukimbilia kushusha programu za kuokoa mafaili wakati diski haijafika hata kwenye BIOS, na programu yoyote inayofanya kazi ndani ya Windows haiwezi kusoma kitu ambacho mazabodi yenyewe, yaani bodi kuu ya kompyuta, haikioni.

Kwa hiyo fanya hivi. Washa kompyuta huku umeweka kidole juu ya diski, uniambie kama unahisi mtetemo wa mota na kama unasikia sauti yoyote, hasa ya kugonga tik-tik-tik kwa mpangilio. Kisha ingia kwenye BIOS kwa kubonyeza Del au F2 mara tu mashine inapowaka, utazame orodha ya diski. Mwisho, ukiwa ndani ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R na uandike diskmgmt.msc, kitafunguka kidirisha cha kusimamia diski. Kama kidirisha kitatokea na kukutaka uianzishe diski upya, kikatae na ukifunge, maana ukikubali, Windows itaandika jedwali jipya la migawanyo mwanzoni mwa diski. Usiifomati, na usiendeshe chkdsk, ile programu ya Windows ya kurekebisha diski. Diski inayoumwa huombwa isome, haiombwi iandike.

Mchangiaji (Pangani)

Kwangu ilikuwa ni ugonjwa wa tatu katika hiyo minne. Diski ilionekana kwenye diskmgmt ikiwa na ujazo wake wote na mstari wa buluu juu, ila haikuwa na herufi. Nilibofya kulia, nikachagua kubadilisha herufi, nikaipa E, yakaisha. Mwanzisha uzi aanze na hilo, huenda hana haja ya fundi.

Mwanzisha uzi

Nashukuruni. Mchangiaji wa Pangani, nimeangalia, na kwenye diskmgmt haipo kabisa. Ipo SSD peke yake.

Fundi, majibu yako ni haya. Diski inazunguka, mtetemo ninausikia kidoleni. Sauti ya kugonga hakuna, ila kama kila baada ya dakika moja au mbili husikika kama inapunguza mwendo kisha inaanza upya kushika kasi. Kwenye BIOS jambo ni la ajabu: katika kuwasha mara sita, mara moja tu iliandikwa kwa jina lake na ujazo wake kamili, na mara tano hapakuwa na kitu. Ile mara moja ilipoonekana, Windows ilichukua muda mrefu sana kuwaka, na ilipowaka diski haikuwepo tena.

Fundi (Bagamoyo)

Hiyo mara moja kati ya sita ni habari njema kuliko unavyodhani. Jina lilitokea likiwa kamili na ujazo ukiwa sahihi, na diski za kisasa huhifadhi sehemu ya programu yao ya ndani kwenye sahani zenyewe, hivyo ili diski iseme ujazo wake sahihi kwa kawaida vichwa lazima viwe vimeweza kusoma. Pia hakuna sauti ya kugonga. Ningesikia kugonga, ningekwambia izime hapo hapo na uipeleke kwa wenye chumba kisicho na vumbi, kwani kila sekunde ya kugonga inaweza kuwa sekunde ya kukwaruza picha zako.

Diski inayokuja na kuondoka naituhumu kwanza njia inayopitia, si yenyewe. Njia ni mbili: kebo ya data, ile nyembamba yenye pini 7, na plagi ya umeme, ile pana yenye pini 15. Anza na kebo. Chukua ile ya SSD ambayo unajua ni nzima, uichomeke kwenye diski, na utumie tundu la SSD kwenye mazabodi, halafu utazame BIOS tu, bila kwenda Windows. Ingekuwa diski ya kizamani ya kebo pana ya pini 40 ningekuuliza na jampa zake, vile vibano vidogo vya kuipangia zamu, zimekaaje, lakini SATA, yaani mfumo huu wa viungio vya pini 7 na 15, imetuondolea adha hiyo.

Niambie pia plagi ya umeme ya diski inatoka moja kwa moja kwenye pawa saplai au imepitia adapta. Huku pwani swali hili nimejifunza kulitanguliza. Fremu yangu haiko mbali na ufukwe, na kila kusi ikivuma mashine zangu huota chumvi kwenye viungio kabla hazijaota vumbi.

Mchangiaji (Chumbageni, Tanga)

Samahani kwa kuingilia. Mimi ni mhasibu, nina diski ya nje ya USB ambayo nikiichomeka mbele ya kompyuta ya ofisini inawaka taa na kutoa sauti kama ya mdudu, lakini haionekani. Nikiichomeka kwenye laptopu yangu ya nyumbani inasoma. Je, na mimi niko kwenye kundi hilo la njia mbovu?

Fundi (Bagamoyo)

Dada, uko kwenye kundi hilo, na lako ni jepesi. Diski ndogo ya inchi 2.5 hula umeme wake wote kupitia USB. Tundu la USB 2.0 linaahidi miliampea 500, na la USB 3.0, ambalo mara nyingi huwa la buluu, linaahidi 900. Matundu ya mbele ya kompyuta ya mezani yameunganishwa na mazabodi kwa waya mrefu, na kama umeongeza kebo ya kurefusha, umeme unaofika ni pungufu zaidi, hivyo mota inajaribu kuanza na kushindwa, ndiyo sauti hiyo ya mdudu. Ichomeke nyuma, kwa kebo yake fupi ya asili.

Ila asije fundi akakushawishi aitoe kwenye kasha lake aichomeke moja kwa moja. Baadhi ya diski za nje hufunga data kwa siri kupitia chipu iliyo kwenye bodi ya kasha, na ukiitenga na bodi hiyo utakachosoma ni vurugu tupu. Nyingine tundu la USB limeunganishwa kwa risasi kwenye bodi ya diski yenyewe, hivyo hata hiyo SATA hautaikuta.

Mwanzisha uzi

Nimebadilisha kebo na tundu. Sasa inaonekana mara mbili au tatu kati ya sita, kwa hiyo kuna nafuu ndogo lakini tatizo lipo.

Kuhusu umeme, fundi umenikamata. Pawa saplai yangu ina plagi mbili tu za SATA, moja imekwenda kwenye SSD na nyingine kwenye kifaa cha kuchomea DVD, na diski hii ninailisha kwa adapta inayotoka kwenye plagi ya kizamani ya pini 4 na kugawanyika kuwa plagi mbili za SATA. Adapta hiyo nilinunua siku moja na diski. Multimita ninayo, ila sijui nipime wapi.

Fundi (Bagamoyo)

Vizuri sana, maana adapta yako ina tawi moja lililo wazi na ndilo litakalotusaidia. Diski iache kwenye tawi lake, kompyuta iwashe, halafu kwenye tawi lililo wazi ingiza pini nyembamba penye waya mwekundu na nyingine penye waya mweusi, upime. Hapo panatakiwa volti 5. Kisha njano na nyeusi, hapo panatakiwa volti 12. Kiwango kinachoruhusiwa ni kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, yaani ile ya 5 isishuke chini ya 4.75 na ile ya 12 isishuke chini ya 11.4. Angalia pini zako zisigusane, la sivyo utatuletea uzi mwingine.

Baada ya hapo zima, chomoa diski, washa na upime tena bila mzigo. Namba hizo mbili nataka kuziona pamoja.

Mwanzisha uzi

Nimepima mara tatu kila kipimo.

Diski ikiwa imechomekwa: nyekundu 4.57, njano 11.71. Diski ikiwa imechomolewa: nyekundu 5.04, njano 12.08. Na nilipoivuta adapta kutoka kwenye plagi ya pini 4, pini mbili kati ya zile nne zilikuwa na rangi ya kijani kama sarafu ya zamani, na plastiki ya upande mmoja imekuwa ya kahawia.

Fundi (Bagamoyo)

Sasa kila msomaji atazame namba hizo, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi tunapotelezea. Fundi angepima plagi ikiwa tupu angepata 5.04, angesema umeme uko sawa, na diski ingehukumiwa kifo. Kutu kwenye kiungio huzuia umeme, na kizuizi hakionekani mpaka umeme upite. Diski ilipoanza kula, ile 5 ikaanguka hadi 4.57, chini ya kiwango. Mota, ambayo kwenye diski ya inchi 3.5 hutumia ile volti 12, iliendelea kuzunguka na ndiyo maana ulihisi mtetemo, lakini bodi yake ya kielektroniki inayotegemea ile 5 ikawa inazimia na kuzinduka. Kupunguza mwendo na kuanza upya ulikokusikia ni huko.

Adapta hiyo itupe, na rangi ya kahawia ni dalili ya joto, kwa hiyo umshukuru Mungu haikuwaka moto. Chomoa kifaa cha DVD na uipe diski plagi yake. Kisha shusha CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, uniletee namba ya mstari wa C5 na wa C7.

Mwanzisha uzi

Alhamdulillahi! Imeonekana mara sita kati ya sita, na sehemu ya D imerudi na mafolda yake yote. Volti nyekundu sasa ni 5.02 ikiwa na mzigo.

C5 inasema 18, na C7 inasema 51C, herufi C ikiwa mwishoni. Sikungoja, nilianza kunakili kwenda kwenye diski mpya ya TB 2 niliyoazima, lakini baada ya dakika kama 20 D ilipotea tena. Niliizima kwa saa moja, nikaiwasha, ikarudi, na baada ya dakika 20 ikapotea vilevile.

Fundi (Bagamoyo)

Haraka hiyo naielewa, lakini acha kuiwasha kwanza.

Programu hiyo huonyesha namba kwa msingi wa 16, kwa hiyo 18 unayoiona ni 24 na 51C ni 1308. C7 huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na mazabodi; ni kaunta isiyorudi nyuma maisha yote ya diski, kwa hiyo 1308 ni kumbukumbu ya kebo na umeme wako wa zamani, na cha kuangalia ni kama itaongezeka. C5 ni sekta, yaani vipande vidogo vya hifadhi, ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanyeje. Diski nyingi za rika lako zina sekta halisi za baiti 4096 zinazohesabiwa kama vipande vinane vya 512, hivyo 24 huenda ni sehemu tatu tu zilizoumia, pengine wakati umeme unakatika na kurudi. Kwa diski ya TB 1 hiyo ni tundu la sindano kwenye tanga la jahazi.

Kupotea baada ya kupata joto na kurudi baada ya kupoa ni jambo jingine, na kwa kuwa tumeshaona chumvi ilivyofanya kwenye adapta, nataka tuangalie ilivyofanya chini ya diski. Igeuze. Utaona bodi ya kijani au ya buluu iliyofungwa kwa skrubu ndogo za nyota ya pembe sita, kwa kawaida bisibisi ya T6 huzifungua. Bodi hiyo hugusana na vichwa na mota kwa vidoti vya chuma vinavyobanwa tu, havikuunganishwa kwa risasi. Ifungue bodi peke yake. Kifuniko cha upande wa pili, chenye lebo, usikiguse hata skrubu moja.

Mchangiaji (Mzingani, Tanga)

Kwa nini asitafute diski nyingine iliyokufa ya aina ile ile, akahamisha bodi yake? Mimi nilifanya hivyo zamani ikakubali.

Fundi (Bagamoyo)

Zamani ndiyo, mkuu. Diski za miaka hii kila moja hupimwa kiwandani na vipimo vyake vya vichwa huandikwa kwenye chipu ya bodi yake, mara nyingi chipu ndogo ya miguu minane. Bodi ya pacha wake haina vipimo hivyo, kwa hiyo ni lazima chipu ihamishwe kwa hita na mkono uliozoea. Kwa bodi ambayo haijaungua, hakuna sababu ya kwenda huko.

Mwanzisha uzi

Nimefungua. Vidoti vya upande wa mota vinang'aa, lakini vile vya upande wa vichwa, kama kumi na nane hivi, nusu yake vimekuwa vyeusi kama vimepakwa masizi. Nimevisugua taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli hadi vikarudi rangi yake, nikamalizia kwa spiriti ya 99% na pamba ya masikioni, nikaacha ikauke saa moja kabla ya kufunga. Bado sijaiwasha, nangoja neno lako.

Fundi (Bagamoyo)

Umengoja, na umefanya vyema. Usirudi kunakili kwa mkono ndani ya Windows, kwa sababu Windows ikikutana na sehemu mbovu huing'ang'ania hapo hapo na kuichosha diski. Tengeneza flashi ya Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, uiwashe kompyuta kwayo bila kuisakinisha, uweke programu iitwayo ddrescue. Yenyewe huchukua kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, sehemu ngumu inaziruka, kisha inazirudia mwishoni, na inaandika ramani ya ilipofikia ili umeme ukikatika uendelee badala ya kuanza upya. Ramani iweke kwenye flashi nyingine.

Kwanza andika lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL ili ujue ipi ni ipi. Tuseme ya zamani ni sdb na mpya ni sdc, amri itakuwa ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sdc ramani, na ikimaliza, rudia kwa -d -f -r3 badala ya -f -n. Chanzo hutangulia na kituo hufuata. Ukivigeuza, utaandika utupu juu ya harusi zote za Tanga. Bahati yako moja ni TB 1 na nyingine TB 2, huwezi kuzichanganya kama unasoma. Hakikisha pia hiyo mpya haina kitu cha mwenyewe, maana kila kilichomo kitafutika.

Mwanzisha uzi

Naleta majibu ya mwisho. Kazi ilichukua saa 5 na dakika 40, na diski haikupotea hata mara moja. Kilichoshindikana kusomwa baada ya kurudia mara tatu ni baiti 12,288, yaani zile sehemu tatu ulizozikisia. C7 bado ni 51C.

Fundi alinielekeza pembeni namna ya kuzijaza sehemu hizo tatu, kwenye nakala, kwa neno moja la kipekee kisha kulitafuta neno hilo ndani ya mafaili. Moja imeangukia mahali patupu. Ya pili iko ndani ya video ya maulidi ya mwaka 2019, ambapo picha inaganda kidogo na kuendelea. Ya tatu iko kwenye picha ya harusi ya mwaka 2021, ambayo kuanzia kifuani mwa bwana harusi kwenda chini imekuwa ya kijivu. Nimeangalia daftari langu, picha hiyo nilishawachapishia kwa ukubwa wa A3, kwa hiyo kesho nitawaomba wanipe niipige picha upya.

Diski ya zamani nimeiandika tarehe na kuiweka kabatini. Mwenye diski ya TB 2 amekubali niinunue, na mwisho wa mwezi nitanunua nyingine ya ujazo huo huo ambayo itakaa nyumbani, mbali na studio. Adapta ile ya kijani nimempelekea kijana wa fremu ya jirani aitazame.